Shingo Inayovimba na Chumvi ya Jikoni



Jiwe likilia juu ya kichwa chako chimboni, moyo unaanza kukimbia hata kabla hujajua ni nini. Hiyo ni kazi ya tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya mafigo. Zinamwaga adrenalini ndani ya damu, na miguu inapata nguvu. Vitu vya namna hii, ambavyo mwili unavitengeneza wenyewe na damu inavipeleka mbali, ndivyo homoni. Ile ya hofu inakwisha upesi. Leo ninaeleza nyingine, ya pole pole, kwani nani katika Kivu hajaona shingo iliyovimba?

Mbele ya shingo kuna tezi yenye mabawa mawili kama kipepeo, inaitwa tiroidi. Homoni yake inaamuru mwili utumie chakula kwa haraka gani. Ikipungua, mtu anasikia baridi, anasinzia, mawazo yanachelewa. Wenzake wanasema ni mvivu. Kwa mtu anayeshika mashine, huo ni mwanzo wa ajali.

Kuitengeneza homoni hiyo, tezi inahitaji iodini: mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima. Ukikusanya ya miaka 60, haijazi kijiko cha chai! Lakini katika milima yetu mvua imeosha udongo tangu zamani, na iodini imekwenda na maji. Mihogo na maharagi ya pale hayana ya kutosha. Hata ndagala na mikeke wa Tanganyika, chakula kizuri sana, hawana nyingi kama samaki wa bahari.

Sasa, chini ya ubongo kuna tezi nyingine, ndogo kama punje ya maharagi. Hiyo ndiyo kapita. Ikiona homoni ya tiroidi imepungua katika damu, inatuma yake kusema: ongeza kazi! Tiroidi inakua ili itoe zaidi, lakini iodini haipo. Kapita anazidi kupiga kelele, shingo inazidi kuvimba. Hiyo ndiyo goita, ambayo vitabu vinaiita rovu. Si uchawi, na kuchanja shingo kwa wembe hakuingizi iodini.

Katika miaka ya 1960 waganga Wabelgiji, kati yao François Delange, walichunguza watu wa kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu. Kaskazini, zaidi ya nusu walikuwa na goita. Kusini-magharibi, karibu mtu 1 kwa 20. Lakini iodini ilikuwa haba pande zote mbili. Tofauti ilikuwa mihogo. Mihogo michungu ina sumu. Isipotoka vizuri, mwili unaigeuza kuwa kitu kinachozuia iodini kuingia katika tiroidi. Basi mama, loweka siku 3 au 4 mpaka ilainike, kisha anika juani ikauke kabisa. Najua wanunuzi wanaharakisha, waache wangoje.

Kinga yenyewe ni chumvi yenye iodini. Chumvi ya Uvinza ilifanyiwa biashara kando ya Tanganyika tangu wakati wa mababu, lakini chumvi yoyote, hata ya bahari, haina iodini ya kutosha mpaka iongezwe kiwandani. Soma mfuko. Ifunike, iweke mbali na moto na unyevu, uitie chakula kikikaribia kuiva. Sisemi mle chumvi nyingi. Semeni ile ile, lakini yenye iodini.

Mwenye mimba anahitaji zaidi: mikrogramu 250. Miezi ya kwanza tiroidi ya mtoto haijaanza kazi, anategemea homoni ya mama yake. Ikikosa sana, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, au mwenye ubongo ulioumia, na baadaye hakuna dawa ya kuurudisha.

Mwenye goita ya zamani inayobana pumzi, au inayofanya moyo upige mbio na mikono itetemeke, aje kwetu apimwe. Asinunue vidonge vya iodini sokoni: tezi iliyokaa na njaa miaka mingi, ukiishibisha kwa ghafula, inaweza kutoa homoni kupita kiasi na kuuchosha moyo.