Rekodi Ambazo Wamarekani Hawakuziomba

Kati ya mwaka 1973 na 1983 Marekani ilivunja rekodi nyingi ambazo hakuna mtu aliyekuwa akizikimbilia. Bei zilipaa, kazi zikaadimika, na mafuta yakawa kitu cha kuamkia alfajiri na kupangia foleni. Wachumi wa enzi hiyo walikuwa wamezoea kuamini kwamba maradhi mawili ya kwanza hayampati mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja: bei zikipanda sana, kazi huwa zipo, kazi zikikosekana, bei hutulia. Safari hii yalikuja pamoja. Zinazofuata ni baadhi ya rekodi za miaka hiyo, na ukizisoma kwa mfululizo utagundua kwamba nyingi zilizaliwa na dawa iliyotolewa kutibu ile iliyotangulia.

Bei iliyoruka kuliko zote

Hapa hakuna ubishi, ni bei ya pipa la mafuta. Oktoba 1973, wakati Misri na Syria zikipigana na Israel, nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilipunguza uzalishaji na kuinyima Marekani. Pipa lililokuwa likiuzwa takriban dola 3 lilifika karibu dola 12 ilipoingia Januari 1974. Mara nne, ndani ya miezi michache.

Kwenye pampu, hata hivyo, galoni moja, yaani karibu lita 3.8, ilipanda kutoka senti 39 hivi hadi senti 55. Leo hiyo inasomeka kama bei ya bure. Kilichowachosha watu zaidi ni kuyakosa kabisa. Tangu Agosti 15, 1971, Rais Richard Nixon alipositisha upandaji wa bei na mishahara kwa siku 90, serikali ilikuwa imeushika mkono wa muuzaji, na upande wa mafuta haikuuachia hadi Januari 1981. Mwenye kituo hakuruhusiwa kupandisha bei kadiri ya uhaba, kwa hiyo mwenye kuamka mapema ndiye aliyepata.

Oregon walikuja na utaratibu wa bendera. Kijani: mafuta yapo, karibu wote. Njano: ni ya magari ya biashara na ya dharura tu. Nyekundu: pita, usipoteze muda. Majimbo kadhaa yaligawa siku kwa namba za magari. Namba ikiishia na tarakimu shufwa unajaza leo, ikiishia na witiri unangoja kesho. Nixon aliviomba vituo visiuze mafuta Jumapili, na kuanzia Januari 1974 sheria ikashusha mwendo wa juu barabarani hadi kilomita 88 kwa saa, nchi nzima. Maduka ya vipuri yaliuza kwa wingi vifuniko vya tangi vyenye kufuli, maana usiku walikuwa wanapita watu na mpira wa kufyonzea. Madereva wa malori, waliolipwa kwa safari na sasa wakitambaa kwa mwendo mdogo na mafuta ghali, waliitana kwa redio za upepo na kufunga barabara kuu kwa malori yao.

Wasomaji wa Tanzania wenye umri watatabasamu hapo kwenye Jumapili. Mtikisiko wa pili wa mafuta, ule wa 1979, ulipotufikia, magari binafsi yalizuiwa barabarani Jumapili kuanzia mchana, na aliyekwenda kusalimia ndugu ilibidi awahi kurudi.

Hofu ya bure kuliko zote

Desemba 19, 1973, mchekeshaji wa televisheni Johnny Carson alitania usiku kwamba sasa hata karatasi za chooni zinaadimika. Kulikuwa na chembe ya ukweli, kwa kuwa mbunge mmoja alikuwa amelalamikia manunuzi ya karatasi hizo serikalini. Kulipokucha watu walivamia maduka na kufagia rafu. Rafu zikawa tupu kwelikweli, na waliokuja baadaye, walipoziona tupu, wakaamini. Carson alilazimika kurudi hewani kusema ulikuwa utani.

Mimi siwacheki sana. Watu hao walikuwa wametoka kusimamishwa foleni ya petroli na ya nyama mwaka huohuo. Nani angewaambia ya tatu haiji?

Na kuhusu nyama: Aprili 1973 akina mama wa nyumbani waliongoza mgomo wa wiki nzima wa kutonunua nyama, mmoja wa migomo mikubwa ya walaji nchini humo. Juni serikali ikafunga tena bei ya kuku madukani, lakini haikufunga bei ya chakula cha kuku. Mfugaji akipiga hesabu anaona kila kifaranga anachokikuza ni hasara. Huko Texas zaidi ya vifaranga 40,000 walizamishwa ndani ya mapipa, kamera za televisheni zikitazama. Kama kuna picha moja inayoonyesha sera ya bei ikijikanyaga, ni hiyo.

Darasa la baridi kuliko yote

Majira ya baridi ya 1976 kuingia 1977 yalikuwa makali mashariki mwa nchi, na gesi asilia ya kupashia nyumba joto ikaisha. Jambo la kushangaza ni kwamba gesi ilikuwepo. Bei ya gesi inayovuka mpaka wa jimbo ilipangwa na serikali kuu na ilikuwa ya chini. Iliyouzwa ndani ya Texas au Louisiana ilifuata soko. Mwenye kisima akauza nyumbani, Ohio ikatetemeka.

Viwanda vilifungwa kwa siku na wiki, wafanyakazi wakarudishwa majumbani. Katika mji wa Columbus, Ohio, Februari 1977, shule nyingi zilifungwa kwa wiki kadhaa na masomo yakapelekwa redioni na kwenye televisheni, wanafunzi wakikutana na walimu mara chache tu kukabidhi kazi. Mpango huo uliitwa shule isiyo na shule. Waliokaa nyumbani mwaka 2020 hawakuwa wa kwanza.

Mwezi huohuo Rais Jimmy Carter alikaa karibu na moto Ikulu akiwa amevaa sweta, akawaomba wananchi wapunguze joto la nyumba hadi nyuzi 18 mchana na 13 usiku. Sweta ile ilibaki vichwani mwa watu kuliko hotuba yenyewe.

Foleni iliyoishia vibaya kuliko zote

Mapinduzi ya Iran yaliibua uhaba wa pili mwaka 1979. Upungufu wenyewe duniani haukuwa mkubwa mno, lakini hofu iliukuza. Aliyezoea kujaza tangi likikaribia kwisha sasa alijaza likiwa nusu. Mwandishi wa historia ya mafuta Daniel Yergin amenukuu makadirio kwamba magari yaliyosubiri foleni huku injini zikinguruma huenda yaliteketeza mapipa 150,000 kwa siku. Yaani foleni ilikunywa kile ilichokifuata.

Juni mwaka huo, Levittown, Pennsylvania, madereva wa malori walifunga makutano ya barabara, umati ukaongezeka, matairi na magari yakachomwa moto, na zaidi ya watu mia moja wakakamatwa kwa usiku mbili. Levittown haikuwa mtaa wa mabanda. Ni mji uliojengwa baada ya vita kwa ajili ya familia, kila moja na nyumba yake na gari lake, na mpangilio wake wote ulitegemea kwamba gari litakuwa na mafuta.

Mwezi wa dhiki kuliko yote

Mchumi Arthur Okun alibuni kipimo chepesi: jumlisha asilimia ya mfumuko wa bei na asilimia ya wasio na kazi. Juni 1980 jumla ilikaribia 22. Carter alikuwa amekitumia kipimo hicho kumshambulia Gerald Ford mwaka 1976, kilipokuwa kwenye 13 hivi. Mwaka 1980 Ronald Reagan alikiokota na kumrudishia.

Mfumuko peke yake ulifika asilimia 14.8 Machi 1980. Kusema kweli si rekodi ya wakati wote; Machi 1947, baada ya vizuizi vya bei vya wakati wa vita kuondolewa, ulikaribia 20. Lakini mwaka 1947 ulipita haraka. Huu wa pili ulikuwa umekaa miaka, na watu wakaanza kuishi kwa kuutarajia. Wastaafu waliongezewa pensheni kwa asilimia 14.3 mwaka 1980, nyongeza kubwa kuliko zote za kila mwaka tangu utaratibu huo uanze 1975, na haikuwatajirisha. Januari mwaka huo fedha ilipofika karibu dola 50 kwa aunsi, familia zilipanga mstari kwa wanunuzi wa madini na vijiko vya bibi kwenye mfuko, viyeyushwe.

Riba ghali kuliko zote

Mkuu wa Benki Kuu, Paul Volcker, mtu wa futi 6 na inchi 7, aliamua kuubana mfumuko kwa kuibana fedha yenyewe. Riba ya mikopo ya nyumba ya miaka 30 ilifika asilimia 18.63 Oktoba 1981. Aliyekopa dola 60,000 alidaiwa zaidi ya dola 930 kwa mwezi, karibu zote riba tupu. Miaka kumi nyuma angelipa chini ya nusu. Mafundi na wajenzi waliokosa wateja walimtumia Volcker kwa posta vipande vya mbao vilivyoandikwa malalamiko. Wauza magari walituma funguo za magari yasiyonunuliwa. Serikali za Afrika, ambazo madeni yake yalihesabiwa kwa dola, hazikuwa na cha kumtumia.

Dawa ilifanya kazi. Mwishoni mwa 1982 mfumuko ulikuwa chini ya asilimia 4. Desemba mwaka huohuo wasio na kazi walikuwa asilimia 10.8, kiwango cha juu kuliko chochote tangu Mdororo Mkuu wa miaka ya 1930, nacho kilidumu kama rekodi hadi Aprili 2020. Ni watu wapatao milioni 12. Kwa Wamarekani Weusi kilifika 21.2 Januari 1983, na hapo ndipo hesabu ya nani hasa aliyelipa gharama ya kutuliza bei inapoonekana. Mwezi huo, mjini Milwaukee, watu wapatao 20,000 walijipanga kwenye baridi kuomba nafasi 200 za kiwanda cha fremu za magari.

Wengi wa Michigan walifunga virago wakaelekea Houston, mji uliokuwa ukinenepa kwa mafuta yaleyale ghali yaliyoviangusha viwanda vya magari vya kwao. Mwaka 1986 bei ya pipa ilianguka hadi kukaribia dola 10. Madereva wa nchi nzima walifurahi, na Houston ikazidi kupunguza watu kazini.