Somo la Redio: Mti wa Kuchongea Mwiko

Leo tutajifunza jinsi ya kuchagua mti wa kuchongea mwiko wa kusongea ugali.

Mwiko huingia katika maji ya moto kila siku. Kilichomo ndani ya mti chaweza kutoka na kuingia katika chakula. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: Je, mti huu una sumu?

Katika nyanda za juu hukua mti uitwao msunguti. Maua yake ni meupe na hunukia. Matunda yake yakiiva, watu huyala. Lakini wawindaji huchemsha magome, mizizi na vijiti vyake ili wapate sumu ya mishale. Sumu hiyo husimamisha moyo. Basi msidanganywe na tunda. Msunguti ukikatwa hutoa utomvu mweupe, na mnyaa vivyo hivyo. Mti wenye utomvu wa namna hiyo uacheni. Mti msioujua, waulizeni wazee kwanza.

Swali la pili: Je, mti ni mgumu, na nyuzi zake zimebanana? Mti laini hunywa maji na kushika harufu. Msindano una utomvu unaonuka. Ugali nao utanuka. Mzeituni wa mwitu, ambao Wamasai huuita oloirien, ni mgumu na mzuri. Lakini msitu wa Ngorongoro umo ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1959. Miti yake haikatwi ovyo.

Basi tutapata mti wapi? Tutazame mashambani. Karatu hulimwa kahawa. Mkahawa mzee hukatwa shina ili uchipue upya, na shina lile mara nyingi huishia jikoni kuwa kuni. Kumbe ni mti mgumu, mweupe, wenye nyuzi zilizobanana!

Fanyeni hivi. Ondoeni gome lote, maana huenda lilipigwa dawa ya wadudu. Pasueni shina katikati, mtoe kiini chake. Kikibaki, mwiko utapasuka. Chongeni mti ungali mbichi, kisha mkaushe mwiko kivulini, si juani, kwa majuma mawili au matatu. Mwisho, ulainisheni na kuupaka mafuta ya alizeti.

Maswali:
1. Kwa nini msunguti haufai?
2. Kwa nini tunatoa kiini cha shina?
3. Katika shamba lako, ni mti gani wafaa kwa mwiko?

Kwaherini, hadi somo lijalo.