Taa ya koridoni nusura ituvunjie nyumba!

Msomaji wangu, kama umewahi kupanga chumba kwenye nyumba ya Luku moja, kaa mkao wa kula. Kama hujawahi, mshukuru Mungu wako, halafu soma hivyo hivyo, maana leo kwenu kesho kwetu.

Pale uswahilini ninapokaa tuko wapangaji wanne. Yupo Mama Chapati, ambaye saa kumi na nusu alfajiri ameshatoka na ndoo yake ya unga. Yupo Konda wa daladala, anayerudi usiku wa manane. Yupo binti mmoja anayesomea uhasibu, mkimya kama maji ya mtungini. Wa nne ni mimi. Mwenye nyumba hakai hapo, yeye tunamwona siku ya kodi tu. Hela ya umeme tunachanga sawa kwa sawa, na hapo ndipo kasheshe lilipozaliwa.

Koridoni kwetu kulikuwa na balbu moja ya zamani, ile ya waya wa kung'aa, wati 60. Ilikuwa inawaka toka magharibi mpaka asubuhi. Binti wa uhasibu akaja na hoja: yeye akiingia ndani saa mbili hatoki tena, kwa nini amlipie Konda taa ya saa nane usiku? Konda naye akajibu kwamba yeye hana hata pasi, nguo anafuliwa na kupigiwa pasi kwa dobi, mbona hajawahi kumuuliza mtu kuhusu pasi yake? Ebwana, usipime! Wiki nzima watu hawasalimiani kisimani. Ikafika mahali kila anayepita anaizima taa kwa hasira, na anayefuata anaiwasha kwa hasira zaidi.

Siku moja alfajiri taa ilikuwa imezimwa. Mama Chapati akatoka na ndoo yake gizani, akakosa ngazi ya mlangoni, akaanguka chini puu! Unga ukamwagika, mkono ukateguka. Wiki mbili hakukanda. Mtu anayelisha watoto watatu kwa chapati, wiki mbili mkono uko kwenye kitambaa. Hakuna aliyekiri kuizima ile taa. Na mimi siapi kwamba sikuwa mimi.

Jioni yake tukakaa kikao cha dharura uani. Konda akaanza kwa adabu zote, "Shikamoo Mama, pole sana." Mama akaitika, "Marahaba mwanangu, nimeshapoa." Kisha akasema neno moja tu: "Wanangu, mimi ugomvi wenu siuwezi. Nataka nione ninapokanyaga."

Kesho yake Konda akaja na kifuko kutoka Kariakoo. Ndani mna balbu ya LED ya wati 9 yenye sensa. Tatizo, ilikuwa ya kuzungusha na holda yetu ni ya pini! Akarudi tena Kariakoo kuibadilisha, huku akimlaani muuzaji ambaye hakuwa na kosa lolote.

Sasa hiyo sensa ni mdudu gani? Haina kamera, wala haisikilizi umbea. Mwili wa binadamu unatoa joto, na joto hilo linasafiri kama miale ambayo jicho halioni. Ndani ya balbu kuna kijicho kinachopokea miale hiyo. Koridoni pakiwa patupu, joto linalokifikia halibadilikibadiliki. Ukikatiza mbele yake, joto linahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, nacho kinashtuka na taa inawaka. Ukishaondoka inahesabu muda iliopangiwa, labda nusu dakika, kisha inajizima. Zaidi ya hapo kuna kifaa kingine kinachopima mwanga, ili taa isihangaike kuwaka mchana wa jua kali.

Kwa hiyo kinachoonwa ni joto linalotembea. Ukitulia tuli kama sanamu, kwake wewe hupo. Ndiyo maana kwenye maofisi yenye sensa chooni, mtu anakaa kimya na shughuli zake, taa inazima, anaanza kupunga mikono juu kama anayesimamisha basi. Na usiku ule wa joto la Dar, ukuta unapokaribia kuwa na joto kama la mwili wako, sensa inapungukiwa akili kidogo, inakuona umeshafika karibu.

Siku tatu za kwanza ilitutesa. Konda aliiweka kwenye holda ya nyuma, karibu na mlango wa uani ambako Mama anabandika jiko la mkaa. Hewa ya moto ikipepea tu, taa inawaka. Paka akipita, inawaka. Fundi umeme wa mtaani akatushauri tutumie holda ya mbele, mbali na jiko, mahali ambapo mtu anakatiza badala ya kuijia uso kwa uso, kwa vile sensa inamshika upesi zaidi anayekatiza. Tukamsikiliza, ikatulia.

Haya, tuje kwenye mshiko. Binti wa uhasibu alichukua karatasi akatuchapia hesabu. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa 12 kila usiku, kwa siku 30 inakula uniti 21.6. Kwa bei za msingi zilizotangazwa mwaka 2016, kodi kando, mtumiaji mdogo wa nyumbani analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Akivuka hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Umeona mtego ulipo? Nyumba yetu ilikuwa inakula kama uniti 92. Sabini na tano za kwanza ni shilingi 7,500, zile 17 za juu ni 5,950, jumla 13,450. Ukiitoa ile balbu, tunabaki na uniti 70.4 hivi, yaani shilingi 7,040. Balbu moja ya koridoni ilikuwa inatusukuma ng'ambo ya mto, na tulikuwa tunagombana kuhusu pasi!

Lakini binti hakuishia hapo, na hapa ndipo aliponivutia. Akasema sifa nyingi si za sensa. LED ya wati 9, hata ukiiacha iwake usiku kucha, inakula uniti 3.24 tu kwa mwezi. Kwa sensa, tuseme inawaka jumla ya saa moja kila usiku, ni uniti 0.27. Ongeza na kidogo anachokula kijicho chenyewe, maana hakilali. Kikila nusu wati, mwezi mzima ni uniti 0.36, zaidi ya taa yenyewe! Kwa hiyo sensa imetuokolea uniti mbili na nusu tu hivi. Kubadili balbu ndiko kulikojaza mfuko. Sensa imetuondolea swichi ya kugombania.

Ila taa ikiwa kubwa, hesabu inageuka. Zile taa za zamani za halojeni za wati 500 wanazofunga watu getini, usiku mmoja wa saa 12 zinakula uniti 6, mwezi ni 180. Ukiifungia sensa ikawaka saa moja kwa usiku, unabaki na 15. Na mwizi anayenyatia gizani akimulikwa ghafla, moyo unamruka.

Wenye majengo makubwa wao hawaishii kwenye balbu. Jengo zima linaunganishwa na kompyuta inayojua viyoyozi viwake saa ngapi na ghorofa gani haina mtu. Empire State Building la New York, lililofunguliwa mwaka 1931, lilianza kukarabatiwa mwaka 2009 kwa lengo la kupunguza matumizi ya nishati kwa asilimia 38. Madirisha 6,514 yalitengenezwa upya humo humo ndani ya jengo, na mitambo ya kuongoza hewa ikabadilishwa. Kule Amsterdam kuna jengo linaitwa The Edge, lina sensa zipatazo 28,000, na mfanyakazi anapanga mwanga wa meza yake kwa simu. Karibu zaidi na sisi, Harare wana Eastgate, jengo la mwaka 1996 la mchoraji Mick Pearce, aliyejifunza kwa kichuguu: usiku feni zinavuta hewa baridi kuupoza ukuta, mchana ukuta unawapoza watu. Hakuna kiyoyozi cha kawaida.

Na wewe ukilala hotelini ukachomeka kadi ukutani ndipo umeme uje, ujue ni mambo hayo hayo. Wabongo hatushindwi: wapo wanaoacha kadi nyingine imechomekwa pale ili wakirudi wakute chumba kama friji. Teknolojia ya mtu mjanja inakutana na mjanja mwenzake.

Kwetu Mama Chapati ameshapona, anatoka na ndoo yake mwanga umetangulia. Michango inalipwa bila matusi. Mwenye malalamiko sasa ni mmoja tu, Konda. Zamani akirudi na mgeni usiku wa manane wanapita kimya kimya, hakuna anayejua. Siku hizi akigusa koridoni tu, taa pwaa! na madirisha ya vyumba vitatu yote yanafunguka. Juzi nimemkuta ananing'inia kwenye stuli, anataka kuifunga kitambaa.