Uso Uliotulia Si Moyo Uliotulia

Mwaka 1978 mwanasaikolojia John Bassili alichapisha utafiti wa nyuso zilizopakwa rangi nyeusi na kutiwa vidoa vyeupe, hata vikaonekana vidoa pekee. Vilipotulia, watazamaji walipata shida kutambua kwamba ni uso. Vilipocheza, waliweza kubaini hisia. Hisia nzito husomeka hata katika picha mnato. Zilizo hafifu huhitaji mwendo.

Ugonjwa wa Parkinson hupunguza mwendo huo. Mgonjwa huonekana mkavu, asiyejali, ilhali moyoni ana furaha au hofu. Mhudumu, usimhukumu kwa uso. Muulize, kisha umsubiri ajibu. Nawe mgonjwa, eleza unavyojisikia: ulimi ubebe yale ambayo uso umeshindwa kuyabeba.