Fahamu: Muziki unaotungwa mahsusi kwa filamu za Ufaransa

Ni nini?
Ni muziki mpya unaotungwa kwa ajili ya filamu moja, tofauti na wimbo uliokwisha kurekodiwa ambao mtayarishaji hununua haki zake. Kwa kawaida mtunzi na mwongozaji hutazama picha pamoja, wakaamua muziki uingie wapi, utoke wapi, na wapi pabaki kimya.

Ulianza lini?
Mwaka 1908, Camille Saint-Saëns, mtunzi mashuhuri wa muziki wa okestra, alitunga muziki wa filamu bubu *L'Assassinat du duc de Guise*. Ni miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za aina hiyo duniani.

Hutungwaje?
Njia ni nyingi. Katika *Les Parapluies de Cherbourg* (1964) ya mwongozaji Jacques Demy, mtunzi Michel Legrand aliyatia muziki mazungumzo yote, hata yale ya kwenye gereji. Wahusika huimba kila neno. Desemba 1957 jijini Paris, mpiga tarumbeta Miles Davis na wenzake walipiga jazi papo kwa papo huku wakitazama vipande vya *Ascenseur pour l'échafaud*, filamu ya Louis Malle.

Kwa nini ni muhimu?
Sheria ya Ufaransa inamtambua mtunzi wa muziki huu kuwa mmoja wa waandishi wa filamu, sambamba na mwongozaji na mwandishi wa skripti. Ndiyo maana hustahili mirabaha filamu inapoonyeshwa. Mirabaha ya muziki hukusanywa na SACEM, chama kilichoanzishwa mwaka 1851. Mtunzi wa muziki wa filamu, basi, ni mmiliki wa kazi yake, si kibarua wa siku moja.