Jumapili ya choma, 'kati' na Kiswahili kwenye uwanja wa ndege Berlin

UKIISHI Berlin na watoto wadogo, Jumapili hupangwa kuanzia Ijumaa. Supamaketi karibu zote hufungwa siku hiyo kwa mujibu wa sheria, kwa hivyo kama hukununua nyama, mkate na nepi kufikia Jumamosi jioni, shauri yako. Hakuna duka la mtaani la kukimbilia useme, "Nipe maziwa, nitalipa kesho."

Hapo ndipo wengi wanaokuja huku na familia huanza kuelewa mambo. Nairobi ukitaka kutoka na watoto unampigia binamu simu, mnakutana Uhuru Park, watoto wanapanda mashua na kupakwa rangi usoni, jioni mnarudi na matatu. Huku hakuna binamu. Hakuna shosho wa kumwachia mdogo ili utoke na mkubwa. Na yaya? Sahau, labda uwe na mshahara wa mbunge.

Sisi tuna wawili, mvulana wa miaka mitano na dadake wa miaka miwili. Mke wangu ni muuguzi, mimi nafanya kazi kwenye bohari. Zamu zetu hukubaliana Jumapili moja kwa mwezi, mwezi ukiwa mzuri mbili. Jumapili hiyo hatuichezei.

Majira ya joto tunaenda Tempelhofer Feld. Huu ulikuwa uwanja wa ndege katikati ya jiji. Ulifungwa mwaka 2008, na 2010 lango likafunguliwa kwa umma. Hawakung'oa kitu. Barabara mbili za ndege, kila moja karibu kilomita mbili, bado zipo vilevile na alama zake, ila sasa zinapitwa na baiskeli, viatu vya magurudumu na watoto wanaokimbia bila kuogopa gari. Eneo lote ni zaidi ya hekta 300. Kiingilio ni bure, kuanzia jua linapochomoza hadi linapotua, na mwezi Juni jua hapa hutua saa tatu na nusu usiku.

Mwaka 2014 kulikuwa na mpango wa kujenga nyumba pembezoni mwake. Wakazi wakapiga kura ya maamuzi, wakaukataa. Mimi habari hiyo ilinigusa. Sisi tumetoka mahali ambapo Wangari Maathai alilazimika kupigana mwaka 1989 ili jumba la orofa 60 lisijengwe Uhuru Park.

Kijana wetu lakini hajali kura. Anachotaka kusimuliwa kila mara ni hadithi ya peremende. Kati ya Juni 1948 na Mei 1949, Muungano wa Sovieti ulifunga barabara na reli za kuingia Berlin Magharibi, na chakula pamoja na makaa ya mawe vikawa vinaletwa kwa ndege. Rubani mmoja Mmarekani, Gail Halvorsen, akaanza kuwadondoshea watoto peremende kwa miamvuli midogo ya leso. Kabla ya kudondosha alikuwa akitikisa mabawa ya ndege ili wajue ni yeye. Mtoto wa miaka mitano akishaambiwa kwamba hapa aliposimama peremende zilianguka kutoka mbinguni, saa nzima anatazama juu. Wazazi wanapumzika.

Sasa tuongee doo, maana najua mnataka kujua. Watoto wa chini ya miaka sita hawalipi nauli kwenye treni na mabasi ya jiji. Sisi wakubwa tuna tikiti ya mwezi, ambayo mwaka 2025 ilikuwa euro 58, takribani Sh8,700, na inakubalika kwenye treni za kawaida na mabasi nchi nzima. Kwa hivyo safari yenyewe haituongezei gharama. Pesa zinaenda kwa nyama na makaa. Ukiona picha zetu kwenye simu, anga la bluu na watoto wanacheka, usidhani tumeomoka. Siku yote hiyo ni ya bei ya kondoo kilo mbili.

Ndiyo, tunachoma. Uwanja una sehemu maalum zilizotengwa kwa kazi hiyo, na ukipita hapo Jumapili mchana moshi wa Waturuki, Waarabu na Wajerumani unachanganyika hadi huwezi kujua wa nani ni upi. Nyama tunanunua Jumamosi kwenye bucha za Waturuki mtaani Neukölln. Kachumbari inakatwa papo hapo. Ugali unatoka nyumbani ukiwa umefungwa kwenye taulo, na kuna mtu kila mara anayelalamika umepoa. Gari la mtoto ndilo mkokoteni wetu: makaa chini, nyama juu yake, mtoto mwenyewe anatembea. Kwenye ngazi za stesheni, kabla hujaomba, mtu usiyemjua ameshashika magurudumu ya mbele mnapanda pamoja. Hasalimii. Mkifika juu anaenda zake.

Ila wanawake wazee wa hapa hawanyamazi. Upepo wa pale ni mkali, na msichana wetu akivua kofia tu, kuna mmoja atasimama kutuambia mtoto atashikwa na baridi. Mke wangu hukasirika. Mimi humkumbuka jirani yetu wa Umoja, ambaye angesema hayohayo na kuongeza mawili.

Kilichotufanya tuanze kuwaita Wakenya wengine lakini si choma. Ni simu za shosho. Jumapili alasiri tunampigia, saa kumi Kenya, huku saa tisa. Kijana alikuwa akimsalimu, akiulizwa swali la pili anajibu kwa Kijerumani, la tatu anakimbia. Chekechea yote ni Kijerumani, saa nane kwa siku. Kiswahili kilikuwa kimebaki lugha ya baba na mama: ya kuoga, kula na kulala. Shosho hakulalamika. Aliuliza tu, "Huyo mtoto ananisikia?"

Wapo wanaosema dawa ni katuni za Kiswahili. Tulijaribu. Mtoto anatazama, anacheka, halafu anakuomba maji kwa Kijerumani. Wengine wanasema mkataze Kijerumani nyumbani. Mimi naona hiyo ni kumfanya mtoto aichukie lugha ya shosho wake.

Basi tukaanza kuunganisha Jumapili zetu na za familia nyingine tatu. Mmoja anatoka Kakamega, mmoja Mombasa, mmoja Nakuru. Jumla ya watoto tisa. Wote wanatuita anko na anti, na tumekubaliana kwamba anti yeyote ana ruhusa ya kumkaripia mtoto yeyote, jambo ambalo huku si la kawaida kabisa.

Mama wa Mombasa ndiye aliyewafundisha mchezo wa kati. Wawili wanasimama kwenye ncha, mmoja katikati anakwepa mpira. Watu watatu wanatosha kuucheza, lakini hauna maana bila kelele za watu tisa. Na hapo ndipo tulisikia kitu.

"Umetoka!"

"Sijatoka! Haijanigusa!"

"Imekugusa nguo!"

"Nguo si mimi!"

Huyo wa mwisho ni wetu. Nilimtazama mke wangu, naye alikuwa ameacha koleo hewani. Hakuna aliyemfundisha "nguo si mimi." Mzazi hawezi kuifundisha, kwa sababu mzazi habishani na mtoto hivyo. Ilibidi apate mtu wa kimo chake wa kugombana naye.

Siku hiyo simu ya shosho ilichukua dakika kumi na moja, nyingi zikiwa malalamiko kuhusu msichana wa familia ya Nakuru ambaye, eti, hachezi haki. Shosho alimwunga mkono mjukuu wake bila kusikiliza upande wa pili.

Mwezi huu zamu zimegongana. Mke wangu ana usiku wikendi mbili mfululizo, na baba wa Kakamega amehamishiwa kituo kingine. Tunajaribu kupata Jumapili moja kabla baridi haijaanza. Kijana ameshaniuliza mara tatu kama yule msichana atakuja. Anasema mechi yao haikuisha, na bado anasisitiza kwamba hakutoka.