Tremolo ya kukata na tremolo ya kubembeleza

Leo naomba tuiweke kando bei ya sukari tuzungumzie gitaa. Vijana wa bendi moja ndogo wameniletea swali. Walichangishana fedha kwa miezi kadhaa wakanunua pedali ya tremolo, ile ya kukanyaga kwa mguu. Walitaka gitaa likatwekatwe kama nyama buchani, wao wamepata sauti inayoyumbayumba kama ngalawa iliyotia nanga. Wanauliza kama wameuziwa kitu kibovu.

Mimi sidhani. Nadhani wameuziwa tremolo nzima kabisa, ila ya aina nyingine, na tofauti hiyo mara nyingi haiandikwi juu ya boksi. Vifaa hivi ni ghali kwa mtu anayekula kwa kupiga muziki, wala sijasikia duka la kwetu linalorudisha fedha kwa sababu eti sauti imekuwa laini mno. Kwa hiyo yafaa kujua unachokitafuta kabla ya kutia mkono mfukoni.

Tremolo ni kupanda na kushuka kwa ukubwa wa sauti, basi. Mliowahi kusikiliza idhaa za mbali kwenye masafa mafupi mnaijua bila kuambiwa: mtangazaji alikuwa akija, akizama, akirudi tena, huku maneno yake ni yale yale. Noti yenyewe ikipanda na kushuka, hapo jina lake ni vibrato. Majina haya mawili yamevurugwa na watengenezaji wenyewe. Leo Fender wa Marekani alipotoa gitaa lake la Stratocaster mwaka 1954, alilitia mkono wa chuma unaolegeza nyuzi akauita tremolo, ilhali unachobadilisha ni noti. Halafu kwenye amplifaya zake akaandika vibrato mahali ambapo kinachobadilika ni ukubwa wa sauti. Mpaka leo mtu anaweza kuagiza tremolo akaletewa mkono wa chuma na springi zake.

Kifaa cha kwanza cha aina hii kuuzwa peke yake, kama kisanduku nje ya amplifaya, kilikuwa cha DeArmond, huko Marekani katika miaka ya 1940. Ndani yake kulikuwa na mota ndogo iliyotikisa chombo chenye maji yanayopitisha umeme. Kila maji yalipogusa ncha ya chuma, sehemu ya sauti ilipotelea ardhini. Bo Diddley alikitumia, na ukisikiliza sahani zake za mwaka 1955 utasikia gitaa likipigapiga kama moyo wa mtu aliyekimbia. Lakini maji hayana kona. Yanapanda polepole na kushuka polepole, na sauti nayo inafuata.

Hapo ndipo penye siri ya swali letu. Kinachofanya sauti ikate si kasi, wala si jina la kampuni. Ni umbo la wimbi linaloongoza kupanda na kushuka huko. Chukua kitufe cha sauti cha redio yako ukizungushe taratibu juu na chini: hilo ni wimbi la duara. Sasa achana na kitufe hicho, shika swichi ya ukutani, washa, zima, washa, zima. Hilo ndilo wimbi la mraba. Hakuna kupanda wala kushuka, kuna kuwapo na kutokuwapo. Ukizungusha kitufe chako haraka namna gani, hutapata mkato wa swichi, utapata kitetemeshi cha haraka tu. Vijana wetu nina hakika waliongeza kasi, wakaongeza tena, wakapata sauti ya mbuzi.

Basi dukani jambo la kwanza ni kutazama vitufe. Karibu kila pedali ina kitufe cha kasi, ambacho huandikwa Rate au Speed, na cha kina, yaani sauti ishuke kiasi gani, ambacho huandikwa Depth. Ikiwa ina hivyo viwili tu, uwe na shaka. Tafuta cha tatu kilichoandikwa Wave au Shape. Pedali ya Boss TR-2 ya Wajapani, kwa mfano, ina kitufe cha Wave kinachotoka kwenye wimbi la pembetatu hadi la mraba. Nyingine zina swichi ya kuchagua laini au ngumu. Na wapo waliokwenda mbali zaidi: Boss hao hao wametoa pedali waliyoiita Slicer, kazi yake ni kukatakata sauti kwa mpangilio kama wa mpiga ngoma. Hiyo ni kwa anayetaka mkato na hataki kitu kingine.

Jambo la pili ni namna kifaa kinavyofanya kazi ndani. Zipo tremolo za taa: taa ndogo inawaka na kuzimika mbele ya jicho linalohisi mwanga, na jicho hilo ndilo linalofungua na kufunga sauti. Taa ikizimika, jicho halilali papo hapo, linachelewa kidogo, na kuchelewa huko kunalainisha kona. Wapenzi wa nyimbo za polepole wanazisifu sana, na wana haki. Anayetaka panga asizinunue kabla hajazisikia kwa masikio yake. Amplifaya za Fender za miaka ya 1960 kama Twin Reverb zilitumia taa ya neoni, ambayo huwaka na kuzimika ghafla, kwa hiyo mpigo wake una makali kiasi. Ndizo zilizotumika mwaka 1984 katika wimbo wa How Soon Is Now? wa bendi ya The Smiths ya Uingereza.

Wimbo huo una fundisho. Johnny Marr na mtayarishaji John Porter walipitisha gitaa kwenye amplifaya kadhaa za namna hiyo kwa pamoja, zote zikitetemesha sauti. Tatizo ni kwamba amplifaya haimsikilizi mpiga ngoma. Baada ya muda mfupi zilikuwa zinaachana, hii mbele, ile nyuma, basi utepe unasimamishwa, unarudishwa, wanarekodi kipande kingine kifupi. Studio inaweza kungoja. Ukumbi uliojaa watu haungoji. Tremolo laini ikipishana kidogo na ngoma wengi hawatajua, lakini ya kukata ikipishana, hata anayefungua soda mlangoni atageuka.

Kwa hiyo ukiwa na fedha kidogo za ziada, nunua yenye swichi ya Tap, unayoigonga kwa mguu kufuata mapigo ikajiweka sawa. Hesabu yake si ngumu. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una mapigo 2 kwa sekunde. Ukitaka kila pigo likatwe mara 4, pedali ifanye mikato 8 kwa sekunde. Hakikisha basi kasi yake inafika huko na kupita. Ila ikikaribia mikato 20 kwa sekunde, sikio linaacha kuhesabu, linasikia mngurumo.

Ya kujaribu dukani ni haya. Nenda na gitaa lako mwenyewe. Weka Depth mwisho, weka wimbi la mraba, piga kodi moja uiache ilie. Sikiliza pengo, si sauti. Penye pengo pawe kimya kabisa. Ukisikia gitaa linanong'ona, hiyo haikati. Kisha nyamazisha nyuzi kwa kiganja usikilize pedali peke yake. Baadhi hutoa tik, tik, tik, kwa sababu swichi ya ghafla inavuja kwenye njia ya sauti, na kelele hiyo utaishi nayo. Mwisho, iwashe na kuizima huku ukipiga. Utasikia sauti imepungua, na si wizi: wimbi la mraba lililogawanywa sawasawa linatupa nusu ya nguvu. Dawa yake ni pedali yenye kitufe chake cha Volume au Level, ili urudishe kilichopotea.

Kwa wapiga solo wa rumba na dansi niseme wazi: chombo hiki si rafiki wa solo linalotiririka. Noti zikija 8 kwa sekunde na mikato nayo ni 8, mkipishana kidogo zitaliwa karibu zote. Kitumie kwenye kodi ndefu zilizoshikiliwa, na umwachie solo njia yake.

Wale vijana wasitupe pedali yao kwanza. Waiweke mwisho wa mstari, baada ya pedali ya kukwaruza sauti na baada ya mwangwi. Ikitangulia mwangwi, mwangwi unaziba mapengo yote na mkato unapotea. Ikitangulia ya kukwaruza, nayo husawazisha sauti kubwa na ndogo na kula kina chake. Na kama gitaa lao lina vitufe viwili vya sauti, kimoja kwa kila pikapu, kama Les Paul, kuna mkato wa bure: kimoja wakifunge kabisa, kingine wakifungue, kisha wachezeshe swichi ya kuchagua pikapu kwa vidole. Tom Morello wa Rage Against the Machine amejipatia jina kwa ufundi huo, bila pedali yoyote.

Wakinunua nyingine, watazame pia adapta. Pedali nyingi hutumia volti 9 zenye hasi katikati, wakati adapta nyingi za redio zina chanya katikati. Alama imechorwa pembeni ya tundu, wailinganishe kabla ya kuchomeka.